Kinamasi cha Fidia

"Rudisheni chini!"

"Madam, hii ni takataka tu. Wageni wanafika sasa hivi."

"Nimesema rudisheni chini. Atakayegusa tete lingine hapa, leo analala ndani pamoja na tajiri wake."

Wafanyakazi wawili waliobeba tita la matete walitazamana. Wakamtazama mwajiri wao, wakaona hana la kuwasaidia, wakaliachilia tita likaanguka juu ya tuta. Vumbi jekundu liliruka, likatua kwenye suruali iliyopigwa pasi ya Chrispinus Wekesa, mkandarasi.

Chrispinus alijipangusa kwa hasira. "Wewe ulikuja hapa, ukapima, ukapiga picha, ukamchukua mtu wako. Si ndiye huyo kwa gari? Mpeleke kortini, Madam. Kwani bado unatafuta nini?"

"Natafuta sababu ya haraka yako."

"Haraka si yangu. Ni ya serikali."

"Mimi pia ni serikali," alisema Inspekta Jescah Khalayi, "na sina haraka."

Huo ulikuwa uongo. Hakuna mtu pale aliyekuwa na haraka kumshinda. Mwanamke aliyekuwa ndani ya Land Rover ya polisi chini ya tuta, Awinja, alitakiwa asimame mbele ya hakimu mjini Kakamega asubuhi hiyohiyo, asomewe shtaka la kumuua Phanuel Wandera, mlinzi wa mahali hapa. Likishasomwa angekwenda rumande, na mshtakiwa wa mauaji hapati dhamana upesi. Mtoto wake wa mwisho alikuwa bado ananyonya.

Jescah ndiye aliyemkamata. Tangu hapo tita lile la matete halikumpa raha, na walipotoka kituo cha Malava na mtuhumiwa, badala ya kushika lami moja kwa moja hadi mjini, alimwambia Sajini Onesmus akate kona.

Alitembea juu ya tuta, akageuka, akarudi. Nyuma yake kulikuwa na mashamba ya miwa. Mbele yake maji yalikuwa yametulia, na matete yamesimama ndani yake mabichi, yamenyooka, kama askari wa gwaride.

Kabras nzima ilijua habari za maji hayo. Ng'ambo ya kilima jeshi lilikuwa likijenga kambi. Ujenzi ulikuwa umefukia sehemu kubwa ya kinamasi cha zamani na kuelekeza kwingine kijito kilichopita katikati yake. Watu walipolalamika, wafadhili wa mradi waliweka sharti: kinamasi kilichofukiwa kilipwe kwa kinamasi. Chrispinus akapewa kandarasi ya kuchimba kipya katika bonde hili na kukiotesha matete. Kipande kilichobaki cha kile cha zamani, chenye chemchemi ambayo vijiji vilichota maji, kisiguswe mpaka wakaguzi waje waone kwamba hiki kipya kiko hai. Wakaguzi walikuwa wanakuja leo. Wakiridhika, matingatinga yangeingia kwenye chemchemi.

"Hebu nieleze tena ilivyokuwa," Jescah alisema.

"Nimeshaandikisha taarifa."

"Sasa nataka kuisikia."

Chrispinus alipumua kwa kishindo. "Huyo mama aliingia hapa kuiba matete. Wanayachomanga, wanatoa munyu. Phanuel akamkuta amekata, amefunga tita, anataka kujitwika. Akamkimbiza. Wakashikana hapa juu, mama akampiga kichwani, Phanuel akaangukia majini. Mama akatoroka, akaacha tita na mundu wake. Na mundu amekubali ni wake! Sasa unataka nini, Yesu ashuke atoe ushahidi?"

Onesmus alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Jescah alichuchumaa kando ya tita. Mara ya kwanza alikuwa amelitazama kama kielelezo cha polisi: matete, kamba ya katani, mundu juu yake. Sasa alilitazama kama mtu aliyekua akimsaidia nyanya yake kuchuja majivu ya munyu, chumvi ya kulainishia mboga.

"Bwana Wekesa, unapenda mrenda?"

"Nini?"

"Mrenda. Mboga."

"Mimi ni mtu wa hapa. Nitaachaje kupenda mrenda?"

"Na ule munyu wa kuulainisha hutengenezwaje?"

"Madam, hayo ni mambo ya jikoni. Uliza bibi yangu."

"Nimeona kwamba hukumuuliza." Alichomoa tete moja, likamlowesha vidole. "Wanaochoma munyu hukata matete wakayaacha palepale yalipolala, jua liyakaushe. Wanarudi kuyachoma hapohapo kando ya maji, wanabeba majivu kwenda nyumbani. Hakuna mwanamke huku anayejitwika tita bichi. Ni zito kama ndama. Alipeleke wapi?"

"Labda alitaka kuezeka nyumba."

"Sasa imekuwa kuezeka."

"Mimi nitajuaje mawazo ya mwizi?"

"Na hii je?" Jescah aligeuza tete juu chini. Ncha ya upande wa chini ilikuwa imechongwa kama kigingi cha kufungia mbuzi. Akachomoa lingine, na lingine. Yote yalikuwa yamechongwa. "Mwizi wa matete anayachonga ya nini?"

Chrispinus alitazama saa yake, akatazama barabara inayoshuka kilimani. "Muulize yeye."

"Afande!" Onesmus aliita kutoka mwisho wa tuta. "Njoo uone kitu."

Nyuma ya kichaka cha mpera, upande ambao hawakuupekua kwa sababu maiti ilipatikana upande mwingine, kulikuwa na mabuti meusi ya jeshi. Yalikuwa yamewekwa sambamba. Kamba zilikuwa zimelegezwa vizuri, soksi zimekunjwa na kuingizwa ndani.

Onesmus alishusha sauti. "Afande, hii ni ya jeshi. Kama kuna askari wao alikuwa hapa, twende polepole. Hao hawaulizwangi maswali."

"Leo wataulizwa."

Hakulazimika kwenda mbali. Gari la kijani la jeshi lilikuwa linashuka kilimani peke yake, mbele ya msafara wa wageni ambao bado haujaonekana. Kapteni Kiplagat, aliyesimamia ujenzi kwa niaba ya jeshi, alishuka akiwa amevaa sare kamili. Aliwatazama wafanyakazi, tita, na Awinja nyuma ya wavu wa Land Rover.

"Inspekta, niliambiwa ninyi mmemaliza hapa."

"Nani alikuambia?"

"Mkandarasi."

"Askari wako gani amepoteza mabuti, Kapteni?"

Kiplagat alichukua buti moja, akaukunjua ulimi wake, akatazama ndani. Jescah alimwangalia usoni. Kama kulikuwa na hofu hapo, ilikuwa imefichwa na mtu aliyefunzwa kuificha.

"Hakuna aliyepoteza," alisema. "Haya yalikuwa yangu. Nilimpa Phanuel wakati wa Krismasi. Alikuwa anayapiga rangi kuliko kuruta. Nilimtania kwamba nitamwandikisha jeshini, uzee wake ukiruhusu."

"Unaweza kuwa unanidanganya."

"Naweza. Muulize huyo mama kwa gari. Yeye ni shemeji yake."

Jescah aliteremka tuta, akafungua mlango wa nyuma. Awinja alikuwa amekaa ameinama, pingu mikononi, kanga imefungwa imara kifuani. Alipoyaona mabuti alicheka kicheko kifupi, kisha machozi yakamtoka hapohapo.

"Uii! Hayo? Wandera alikuwa anaingia nayo hata kanisani, ko, ko, ko, mpaka padri ananyamaza angoje akae. Kwangu pia. Namwambia, wewe mzee, umetoka kunikanyagia sakafu niliyosiriba leo na mabuti ya serikali. Ananijibu, bibi yangu, siriba tena."

"Alikuita bibi yake?"

"Si ni shemeji yangu? Mbele ya bwana yangu, na bwana yangu anacheka. Madam, mtu kama huyo utamuua kwa sababu ya matete?"

"Alikuwa anayavua lini?"

"Hayo? Labda akilala. Na akiingia majini. Alisema maji yakiingia ngozi itapasuka."

Jescah aligeuka akatazama kichaka cha mpera, kisha maji. "Na mundu wako. Niambie tena."

"Nilikuambia, ukaandika, hukuniamini." Awinja hakusema kwa kelele. "Nilinyang'anywa kule kwa kinamasi cha zamani. Vijana wa lori walikuwa wanakata matete, wanajaza lori. Nikawauliza, mnamkatia nani, na hapa jeshi wamekataza? Wakanifukuza, wakabaki na mundu. Nikamwambia Wandera jioni. Alikasirika, hakutaka hata chai."

"Lori la rangi gani?"

"La buluu. Limekatika taa moja." Awinja alijibana kifua kwa mikono iliyofungwa. "Madam, mtoto wangu ananyonyeshwa na jirani. Maziwa yamejaa, yananiuma. Kama unanipeleka, nipeleke. Kama huniamini, usiniulize tena."

Lori la Chrispinus lilikuwa limeegeshwa kando ya miwa. Lilikuwa la buluu. Jescah hakuhitaji kutembea kwenda kutazama taa zake, lakini alikwenda. Moja ilikuwa shimo tupu. Ndani ya lori kulikuwa na majembe, sururu, makarai, mpira mnene wa pampu ya maji uliokunjwa. Alivigeuzageuza vyote, akarudi.

Redio ya Land Rover ilikuwa inakwaruza. Onesmus alimpa kipokezi chake kana kwamba kinaunguza.

"Khalayi, mko wapi?" Ilikuwa sauti ya mkuu wake wa upelelezi. "Mwendesha mashtaka amesimama mlangoni mwangu."

"Tuko Kabras, Bwana. Nadhani tumemkamata mtu asiye na hatia."

"Unadhani, au una kitu?"

"Nitakuwa nacho."

"Hakimu anaingia kortini. Kama huna kitu mkononi, mlete huyo mama asomewe shtaka. Mengine tutayatengeneza baadaye. Na usiniletee vita na jeshi. Umesikia?"

"Nimesikia, Bwana."

Alirudisha redio mahali pake. "Mengine tutayatengeneza baadaye." Alikuwa ameona mambo yanayotengenezwa baadaye. Yalichukua miaka, na mtu alitoka rumande akakuta mtoto wake hamjui.

Alipanda tena tuta. Chrispinus na Kapteni walikuwa wamesimama mbalimbali, kila mmoja akiangalia barabara. Jescah alianza kusema kabla hajafika.

"Mtu anayemkimbiza mwizi hasimami akafungua kamba za mabuti. Havui soksi akazikunja. Phanuel hakumkimbiza mtu yeyote. Alikaa pale, akavua viatu taratibu, akaingia majini mwenyewe. Kwa nini?"

"Kuoga," Chrispinus alisema.

"Na nguo zake zote?"

Kapteni Kiplagat alikunja uso. Jescah alikuwa tayari anavua viatu vyake. Alipandisha sketi ya sare juu ya magoti, akashuka.

Alitarajia miguu izame. Haikuzama. Chini ya maji kulikuwa kugumu kama barabara, na changarawe zilimchoma nyayo. Ilikuwa murram tupu, ule udongo wa changarawe wa barabarani, bila matope, bila udongo wa mfinyanzi wa kuzuia maji yasinywewe na ardhi. Alipiga hatua nyingine. Hakuna chura aliyeruka. Hakuna ruba aliyemshika. Katika kinamasi cha utoto wake usingeweza kutia mguu bila kitu kukimbia. Hapa palikuwa kimya kama karai la maji lililosahauliwa nje.

Alishika tete lililokuwa karibu, akalivuta. Lilitoka bila kubisha. Halikuwa na mzizi hata mmoja, ila ncha iliyochongwa. Akavuta la pili, likatoka. Akashika matatu kwa pamoja.

"Toka huko!" Chrispinus alikuja mbio ukingoni, mikono hewani. "Toka! Na wewe tena unaanza kuyang'oa!"

Jescah alisimama na matete mkononi. Maji yalimdondoka kwenye viwiko.

"Na mimi tena?" aliuliza. "Nani mwingine ulimkuta akiyang'oa, Bwana Wekesa?"

Chrispinus alishusha mikono. "Sikusema hivyo."

"Umesema," alisema Kapteni Kiplagat.

"Nilimaanisha wanawake. Wanayaharibu kila siku."

"Uliniambia wanayakata," Jescah alisema. "Hakuna mwanamke anayeng'oa matete. Akiyang'oa atakata nini mwaka ujao? Anayeng'oa ni mtu anayetaka wengine waone kwamba hayana mizizi. Phanuel alikuwa analinda kinamasi kilichokauka. Maji yakajazwa kwa pampu usiku, matete yakaletwa na lori kutoka kinamasi cha zamani, yakachomekwa. Shemeji yake akamweleza yanakotoka. Akajua wageni wakidanganyika, chemchemi inafukiwa, na yeye na watu wake hawana maji. Kwa hiyo akavua mabuti, akaingia kuyang'oa, na hayo aliyoyang'oa ndiyo yaliyofungwa tita na kuwekewa mundu wa shemeji yake."

"Hizo ni hadithi."

"Ulichomekaje tete kwenye murram ngumu hivi?"

"Sijachomeka chochote."

"Kwa mkono haliingii. Nimejaribu sasa hivi kwa mguu. Lazima utoboe shimo kwanza, kwa mtaimbo. Daktari aliyepasua mwili wa Phanuel alisema alipigwa kwa chuma kizito, cha mviringo, kutoka nyuma, akiwa ameinama. Sisi tukajisemea labda mama aliokota kitu. Lori lako lina majembe, lina sururu, lina makarai. Mtaimbo uko wapi?"

"Ulipotea."

"Ulipotelea wapi?"

Macho ya Chrispinus yaliponyoka. Yalikwenda majini, kwenye kona yenye matete mengi zaidi, yakarudi haraka. Ilikuwa mara moja tu. Jescah aliona. Kapteni naye aliona.

Juu ya kilima, vumbi lilianza kuinuka. Magari ya wageni.

Jescah alipima kwa macho. Kona ile ilikuwa na kina, na maji yalikuwa mekundu kama chai ya rangi. Kupapasa humo kungechukua asubuhi nzima. Akiondoka kwenda mjini na kurudi kesho na watu na kibali, mtaimbo ungekuwa umeshatolewa, na karatasi za wakaguzi zimeshatiwa sahihi. Alitoka majini, akapita mbele ya Chrispinus bila kumtazama, akaenda kwenye lori, akatoa jembe.

"Onesmus! Chukua sururu."

"Tunalima nini, Afande?"

"Tuta."

"Huwezi!" Chrispinus alipaza sauti mpaka ikakatika. "Hiyo ni mali ya jeshi! Kapteni, mwambie! Huyu mwanamke anaharibu mradi, na wageni ndio hao!"

Kapteni Kiplagat alimfuata Jescah mpaka alipokuwa amesimama, mahali tuta lilipokuwa jembamba. "Ukibomoa hapa, kazi yangu yote inasimama. Miezi. Labda mwaka."

"Najua."

"Na nikikuambia usibomoe?"

"Nitabomoa, halafu utanishtaki kwa mkuu wangu. Ana hamu sana ya kusikia kutoka kwenu."

Kiplagat alitazama vumbi la kilimani. Alitazama lile shimo la maji ambalo alikuwa tayari kulionyesha kwa wageni kama kazi yake. "Basi sijakuambia," alisema, akasogea pembeni.

Jescah alipiga jembe. Udongo ulikuwa mkavu juu, laini chini. Alipiga tena na tena, kwa nguvu za mtu aliyelima kabla ya kwenda shule kila asubuhi ya utoto wake. Onesmus aliingia upande wa pili na sururu, akilaani kwa Kiluhya. Uzi mwembamba wa maji ulipita katikati ya miguu yao, ukawa mfereji, ukala kingo. Kisha tuta lilikatika lenyewe. Wote wawili waliruka, na maji yakapita kwa mngurumo yakielekea kwenye miwa.

Matete yalianza kuondoka. Mkondo uliyachomoa moja moja, halafu kwa makundi, yakaelea yakifuatana kupita kwenye ufa. Mengine yalilala tu ubavu juu ya changarawe. Palipokuwa na kinamasi palibaki uwanja mwekundu wenye mashimo madogo ya mviringo, yamepangwa kwa mistari kama shamba la mahindi.

Kwenye ile kona, chuma kilitokeza ncha.

Magari yalikuwa yamesimama katikati ya mteremko. Watu wenye mashati meupe walishuka, wakabaki wamesimama na mafaili yao. Chrispinus alianza kurudi nyuma kuelekea kwenye lori lake. Kapteni Kiplagat alikuwa ameegemea mlango wa dereva.

"Unaenda wapi?" alimwuliza. "Wageni wako wamefika."

Jescah alivuka uwanja ule kwa miguu mitupu, akauinua mtaimbo kwa leso, akaurudisha mpaka kwenye Land Rover. Alichukua redio.

"Khalayi hapa. Mwambie Bwana Mkuu kitu kipo mkononi. Na mwambie mwendesha mashtaka aliweke kando lile faili. Awinja hafiki kortini leo."

Redio ilikwaruza. "Ngoja agizo, Inspekta. Nasema ngoja—"

Aliizima. Alijua atalipia hilo, na alijua ni nani angelipa kama angengoja.

"Onesmus, mfungue."

"Afande, mkuu amesema tungoje."

"Nimemsikia. Mfungue, akanyonyeshe mtoto."

Onesmus alimtazama kidogo, kisha akatoa funguo. Awinja hakungoja kusaidiwa kushuka. Alikaza kanga yake, akaruka mfereji wa maji yaliyokuwa bado yanapita, akaingia kwenye njia ya miwa akikimbia.

Jescah alishika pingu zilizobaki mkononi mwa sajini, akaanza kumwendea Chrispinus.